Kano, Mwalimu Aliyewafunza Watu Kuangushana kwa Adabu

Picha ilitundikwa juu ya ukuta wa mbao, mkabala na mlango. Ni ya mzee wa Kijapani, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri na macho yaliyotulia kama ya mtu anayesikiliza. Mbele yake walijipanga watoto kumi na wanne, wamevaa nguo nyeupe nzito, wamepiga magoti na kukalia visigino vyao. Mkufunzi akatoa sauti moja tu, na wote kwa pamoja wakaweka viganja chini wakainama kuielekea picha ile. Mimi niliyekuwa nimekaa juu ya benchi huko nyuma, nimejitanda shuka juu ya koti, moyo ulinipiga. Kwani katika safu ile, wa tatu kutoka kulia, alikuwamo mjukuu wangu.

Hapo ni Kedowa, ndugu msomaji, katika milima ya Kericho. Ukishaipita Mau Summit kwa njia ya Kericho utakuta mji huo mdogo, na kadiri unavyozidi kwenda mbele ndivyo mashamba ya chai yanavyozidi kutanda pande zote mbili. Mtu wa pwani akifika huko hukumbuka kila blanketi aliloliacha nyumbani. Ukungu hushuka hata mchana, na maji ya udhu wa alfajiri hayana huruma. Wenyeji wake, Wakipsigis, ni watu wakarimu. Maziwa nilinywa mpaka nikaona haya.

Mpwa wangu husomesha hesabu huko. Mwanawe ana miaka tisa, na yeye na wenzake walivutiwa na mzee mmoja, askari mstaafu, ambaye jioni huwafunza watoto judo katika ukumbi wa mbao bila ya kutaka malipo. Baba aliridhika, akaona kuliko mtoto kuzurura barabarani penye malori ni heri akashike adabu. Mama hakuridhika. Aliwahi kuchungulia dirishani akaona watoto wanaiinamia picha, akarudi nyumbani analia. Nyumba haikuwa na raha tena. Ndipo nikapigiwa simu: Mjomba, njoo utuamue. Hawakuniita kwa kuwa mimi ni sheikh, maana si sheikh. Waliniita kwa kuwa nilikaa chuoni nikahitimu juzuu zote thelathini, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wao niliyebaki.

Naliona si haki kuihukumu ile inama kabla ya kumjua mwenye picha. Nikataka siku tatu. Nikaulizia, nikasoma nilichoweza kukisoma, na leo nakuletea, msomaji, habari za mtu huyo, kwani naamini nyumba ya mpwa wangu si ya pekee. Unguja nako judo imefunzwa tangu miaka ya 1990, kwa juhudi za Mjapani aliyelowea kisiwani, na watoto wa Kiislamu wasiokuwa wachache wameingia mkekani.

Jina lake ni Jigoro Kano. Alizaliwa mwaka 1860 katika kijiji cha Mikage, ufukweni karibu na mji wa Kobe. Ukoo wake ulikuwa maarufu kwa kutengeneza sake, nao ni ulevi wa mchele. (Msikunje nyuso. Mtu hachagui tumbo la kuzaliwa wala biashara ya babu yake.) Mamaye alifariki yeye akiwa bado mdogo, naye babaye akamchukua wakahamia Tokyo. Huko alitiwa skuli za bweni zilizosomesha lugha za kigeni, na huko ndiko yalikoanza masaibu yake. Alikuwa mfupi, kimo chake hata alipokuwa mtu mzima kilipita futi 5 kwa inchi chache tu, tena mwembamba. Kwa masomo aliwashinda wenzake, nao wakamlipa kwa makofi. Sote tuliosoma tunamjua mtoto wa namna hiyo. Baadhi yetu ndio tuliokuwa yeye, na baadhi yetu, Mungu atusamehe, ndio tuliokuwa wale wengine.

Kijana akasikia kuwa iko elimu ya kale iitwayo jujutsu, ambayo mdogo huweza kwayo kumwangusha mkubwa. Akamwomba babaye amtafutie mwalimu, babaye akakataa. Zama zile Japani ilikuwa imebadilika. Mwaka 1868 utawala wa kale ulianguka, na mwaka 1876 mabwana wa vita wakakatazwa kutembea na panga zao. Kila kilichonuka ukale kilionekana upuuzi, na walimu wa jujutsu waliobaki walikuwa wakijitafutia riziki kwa kuunga mifupa. Kwa njia hiyo hiyo ndiyo Kano aliwapata: aliwaulizia waunga mifupa mmoja baada ya mmoja, mpaka mwaka 1877 akampata Fukuda Hachinosuke, mwalimu wa mkondo wa Tenjin Shinyo. Fukuda akafa mwaka 1879. Kano akaenda kwa Iso Masatomo, naye akafa. Akaenda kwa Iikubo Tsunetoshi wa mkondo wa Kito. Huku mchana alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Tokyo, akisoma siasa, uchumi na fasihi, na usiku akirudi na magoti na viwiko vilivyochubuka.

Kumbuka hiyo michubuko, nitairudia.

Mwaka 1882, akiwa na miaka 21 tu, alifungua chuo chake mwenyewe katika chumba cha hekalu la Kibudha liitwalo Eishoji, hapo Tokyo. Chumba kilitandikwa mikeka 12, na mwaka ule wa kwanza wanafunzi walikuwa tisa. Nasema mikeka kwa kuwa ndivyo ilivyo: kile wanachokiita tatami ni mkeka mnene wa majani, na siku hizi ndipo yalipokuja magodoro ya kisasa kama yale niliyoyaona Kedowa. Vishindo vya watu kubwagwa viliwasumbua watawa, na haukupita muda mrefu ikabidi ahame. Chuo alikiita Kodokan, maana yake nyumba ya kusomea njia. Na mchezo akauita judo, yaani njia ya upole, ama ya ulaini. Zamani lilikuwa jujutsu, ufundi wa ulaini. Yeye akaliondoa neno la ufundi akatia neno la njia. Msomaji aliyekaa na Kiarabu atalikumbuka neno twarika, nalo pia ni njia. Sisemi kuwa judo ni twarika, hasha. Nasema mtu huyu hakutaka kufunza kuangusha tu, alitaka mwanafunzi apite mahali na atokee mtu mwengine.

Je, alibadilisha nini hasa? Mikondo ya kale ilikuwa na mambo ya kuvunja viungo, kupiga na kukaba hata kuua. Kano aliyapitia yote. Ya hatari akayatenga yafunzwe kwa mpango maalumu wa polepole, na yaliyobaki akayafanya watu waweze kushindana kwa nguvu zao zote na kesho yake waende kazini. Somo la kwanza akaliweka kuanguka. Mtoto wa judo kabla hajajua kumpiga mtu mwereka, hufunzwa yeye mwenyewe kuanguka, kukunja kidevu na kupiga mkeka kwa mkono ili mgongo usiumie. Na anayeangusha naye ana wajibu wake: haachii mkono wa nguo ya mwenziwe, bali humvuta kidogo juu mwishoni ili kichwa kisigonge. Nililiona hilo Kedowa kwa macho yangu. Mjukuu wangu alitiwa ngwala na msichana aliyemzidi kichwa, akaruka hewani kama gunia la pamba, nami nikainuka kwenye benchi. Lakini yule msichana alikuwa amemshika mkono wa nguo barabara, akamshusha kama mtu anayetua mtungi.

Hapo ndipo ilipo siri ya ile inama. Wao huiita rei, yaani heshima ama adabu. Watu wawili wanaosimama kukabiliana, kila mmoja anamkopesha mwenziwe mwili wake aujifunzie. Mmoja akikosa uaminifu, shingo ya mwengine imevunjika. Basi kabla ya kushikana huinamiana, kama wanaopeana ahadi kuwa nitakubwaga lakini sitakuumiza; na wakimaliza huinamiana tena, kushukuru. Asiyeinama hajaahidi kitu. Na akiingia mkekani huinama na akitoka huinama, kama vile sisi tusivyoingia nyumba ya mtu bila hodi. Viatu huachwa ukingoni. Kucha hukatwa. Nje ya mkeka mwanafunzi huvaa ndara, ili asirudi mkekani na uchafu wa chooni, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukokota mtalawanda kwenda kutawadha hahitaji kuelezwa.

Sasa nairudia ile michubuko. Nguo za mazoezi za zama za ujana wa Kano zilikuwa na mikono mifupi, na suruali zikiishia juu ya goti. Mkeka wa majani huparura, na ngozi ya viwiko na magoti haikupata kupona. Koti alilokuwa akilivaa katika mazoezi ya ujana limehifadhiwa mpaka leo huko Kodokan. Mnamo 1907 vazi lilikuwa limeshatengenezwa upya na kufikia namna tuijuayo: koti la pamba nzito, mikono imeshuka, na suruali imefunika magoti ikateremka. Kwa hivyo ngozi ikapona, na pia mshikano ukapata utajiri mpya, maana mkono mrefu wa nguo ni mpini. Mtu wa fikihi ataona jambo la tatu: kuanzia kitovu mpaka goti, uchi wa mwanamume umesitirika. Kano hakulikusudia hilo, lakini tumelipata.

Kanuni za vazi siku hizi ni kali kuliko za harusi. Koti lifunike makalio. Mkono wa koti ufike kwenye kifundo cha mkono. Suruali isipite kifundo cha mguu wala isipande juu yake zaidi ya sentimita 5, na hapo nalicheka peke yangu, kwani nimewahi kusikia mabishano marefu msikitini juu ya kipimo hicho hicho cha kanzu. Mshipi huzungushwa kiunoni mara mbili, ukafungwa fundo bapa, na ncha zake zining'inie baina ya sentimita 20 na 30. Mwanamke huvaa fulana nyeupe ndani ya koti. Na jambo ambalo mkufunzi wa Kedowa alilishikilia kuliko yote: upande wa kushoto wa koti hukaa juu ya wa kulia, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kwani huko Japani, anayekunjwa nguo kwa kulia juu ya kushoto ni maiti.

Weupe wenyewe ni wa pamba isiyotiwa rangi, nguo ya kimaskini. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mchuma chai wakishaivaa, humjui yupi ni yupi. Anayetofautishwa hutofautishwa na mshipi tu, yaani na elimu yake. Daraja za ngazi alizianzisha Kano mwenyewe, akawapa wanafunzi wake wawili wa mwanzo, Tomita Tsunejiro na Saigo Shiro, mwaka 1883, na mshipi mweusi ukafuata mnamo 1886. Hizo rangi nyingine ambazo watoto huzililia, manjano na kijani na buluu, ni mambo ya Ulaya ya baadaye.

Wengi humdhania Kano kuwa alikuwa mpiganaji aliyekaa mkekani maisha yake yote. Sivyo. Kazi yake ilikuwa ualimu. Tangu mwaka 1882 alisomesha katika Gakushuin, skuli ya watoto wa makabaila, na kuanzia 1893 aliongoza chuo kikuu cha ualimu cha Tokyo kwa zaidi ya miaka 20, pamoja na vipindi vya kutoka na kurudi. Wanafunzi wa Kichina waliokuja Japani aliwafungulia chuo, na mmoja wao alikuwa Lu Xun ambaye baadaye akawa mwandishi mkubwa wa China. Wanawake aliwafunza tangu miaka ya 1890, na mwaka 1926 akawafungulia sehemu yao rasmi katika Kodokan. Mafunzo yake aliyakusanya katika mambo mawili: kwamba nguvu, za mwili na za akili, zitumiwe pale zinapofaa na kwa kadiri inayofaa, na kwamba mtu hastawi peke yake, hustawi na mwenziwe.

Mwaka 1889 serikali ilimtuma Ulaya kutazama skuli, akarudi mapema 1891. Yasimuliwa kuwa katika meli ya kurudi alikuwamo pande la mtu, mgeni, aliyejitapa kwa nguvu zake na kutaka kushikana na yule Mjapani mdogo. Kano akambwaga. Lakini yule mtu alipokuwa akishuka kichwa mbele kuelekea sakafu ya meli, Kano aliuweka mkono wake chini ya kichwa kile kisipasuke. Waliokuwapo hawakukisifu kile kishindo, waliusifu ule mkono. Kisa hiki hunikumbusha tuliyoyasoma katika sira, ya Mtume wetu (s.a.w.) na Rukana, pahalawani wa Makka ambaye hakuna aliyemweza. Wapokezi wamesimulia kuwa Mtume alishikana naye akamwangusha, na asimfanyie kiburi. Mieleka haikuanza Japani, wala uungwana katika mieleka.

Mwaka 1909 Kano aliingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, wa kwanza kutoka bara la Asia. Mwaka 1912 akaipeleka Japani kwa mara ya kwanza kwenye michezo hiyo, Stockholm, na timu nzima ilikuwa wanariadha wawili. Kutoka hapo aliazimia jambo moja, kuileta michezo hiyo nyumbani. Alisafiri na kusafiri mpaka mwaka 1936 Tokyo ikapewa michezo ya 1940. Lakini mwaka 1937 nchi yake ilikuwa imeshaivamia China kwa vita kamili, na dunia ikaanza kunung'unika.

Machi 1938, mzee wa miaka 77, alikwenda kuitetea Tokyo kwenye mkutano wa kamati. Mkutano ulikuwa Cairo. Nilipofika hapo niliacha kusoma kitambo. Mtu yule wa pichani, mmoja kati ya safari zake za mwisho duniani ilikuwa kwenda katika mji wa Azhar, mji ambao masheikh wetu wa pwani waliota kuufikia. Alifaulu, Tokyo haikunyang'anywa. Akarudi nyumbani kwa njia ya Amerika, akapanda meli Hikawa Maru kuvuka Pasifiki, akashikwa na homa ya mapafu, na tarehe 4 Mei 1938 akafa baharini, siku mbili kabla ya Yokohama. Jeneza lake lilifunikwa bendera ya Olimpiki. Miezi miwili baadaye, Julai, serikali ya Japani yenyewe iliirudisha michezo ile kwa sababu ya vita. Meli ingalipo, imetia nanga Yokohama, watu huenda kuitazama.

Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964, na ni Tokyo hiyo hiyo. Wajapani walitarajia kutwaa medali zote za dhahabu. Lakini katika fainali ya wasiotazamwa uzito, Mholanzi Anton Geesink, jitu lililokaribia mita 2, alimlaza Akio Kaminaga chini akamshikilia mpaka muda ukaisha. Ukumbi wote ukanyamaza. Waholanzi wakaruka wakimbilie mkekani kushangilia, naye Geesink akainua mkono kuwazuia. Haikuwa imekwisha, bado watu wawili hawajainamiana. Wajapani walihuzunika kwa medali, lakini Geesink walimpenda mpaka alipofariki mwaka 2010. Ndiye huyo huyo aliyependekeza mmoja wa wachezaji wawili avae buluu ili waamuzi na watazamaji wawatofautishe. Japani ikalipinga hilo kwa miaka, ikashindwa kwa kura mwaka 1997. Mimi naona Wajapani walikuwa na haki, ijapokuwa nakiri kuwa kwenye televisheni buluu hurahisisha.

Na ndugu zetu je? Mwaka 1984, Los Angeles, Mohamed Rashwan, kijana wa Iskandaria, alifika fainali kukutana na Yasuhiro Yamashita, ambaye alikuwa ameumia mguu wa kulia akichechemea mbele ya dunia nzima. Rashwan alishindwa. Walipokwenda kuchukua medali alimsaidia Yamashita kupanda jukwaa, na kwa uungwana wake siku ile alituzwa na kualikwa Japani kama mwana. Na mwaka 2012, London, binti wa Kisaudi wa miaka 16, Wojdan Shaherkani, alitaka kucheza na mtandio kichwani. Wakuu wa judo walikataa mwanzo, wakisema kitambaa chaweza kumkaba katika mchezo wenye kabari. Mashauriano yakafanyika, akapatiwa kofia ya kubana kichwa, nywele zimefunikwa. Alidumu mkekani sekunde 82 tu. Kanuni ya vazi ilisogea, na hakuna aliyeumia.

Basi nikamkusanya mpwa wangu na mkewe baada ya magharibi, tukakaa karibu na jiko la makaa, nikawaambia niliyoyajua. Kwanza sikuwaficha kuwa iko hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas, ambamo Mtume aliulizwa kama mtu akikutana na ndugu yake amwinamie, akakataza, na alipoulizwa juu ya kupeana mkono akaruhusu. Mama mtoto hakukosea kushtuka. Ni mwanamke aliyelelewa vizuri. Mahakama ya Seattle huko Marekani, katika mwaka 2002, iliamua dhidi ya watoto walioshitaki kuwa kuinama kwenye judo ni ibada wanayolazimishwa. Ikasema si ibada, ni desturi ya mchezo. Lakini mahakama ya Seattle haifungui mirathi ya Mwislamu, wala haimtolei fatwa.

Kisha nikawaeleza niliyoyapima kwa macho. Sujudi yetu ina viungo saba juu ya ardhi, na paji la uso likiwamo. Ile ya watoto, paji la uso haligusi chini na makalio hayabanduki visiginoni. Nia nayo si ya kuabudu, kwani Kano hakuacha dini nyuma yake, aliacha skuli. Na sisi wenyewe, nikawauliza, shikamoo yetu yatoka wapi kama si nashika miguu yako? Twaisema kila asubuhi, na hakuna anayedhani kuwa mtoto amemwabudu babu yake. Kwa mtu na mtu, kuinamisha kichwa kidogo huku wamesimama, mimi naliona kuwa ni salamu, na mwenye elimu kunishinda akinikosoa nitashukuru. Lakini picha ni jambo jingine. Picha haiahidi kukushika mkono wa nguo usivunjike shingo. Hapo mimi niko na mama.

Kesho yake nilikwenda kwa yule mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama askari. Hakukasirika. Aliniambia kuwa yeye ni Mkristo, na siku yake ya kwanza katika judo naye aliiogopa picha ile, ila hakuwa na mjomba wa kumsemea. Tukakubaliana kwamba wakati wa kuielekea picha mtoto atakaa wima, mikono juu ya mapaja, kimya. Na wenziwe na mwalimu wake atawainamia kwa kusimama, kama mashindano yanavyotaka. Mama alipopelekewa habari aliuliza swali moja tu: hiyo nguo nzito, itakauka vipi katika baridi hii?

Jioni ile nilirudi kwenye benchi langu. Mtoto alikuja mbio kutoka chumba cha kubadilishia nguo, amechelewa, mshipi mkononi, na koti amelikunja kulia juu ya kushoto. Nikamwita. Nikaitupa shuka yangu kando, nikamkunja upya, kushoto juu ya kulia, nikamzungushia mshipi mara mbili. Fundo lilinishinda, akalifunga mwenyewe.